Chuo kimekukubali, viza umenyimwa: kila nchi ina swali lake

Kila ifikapo Julai na Agosti swali moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mtoto kafaulu vizuri, chuo cha nje kimemwandikia barua ya kumpokea, sehemu ya ada imeshalipwa, halafu viza kanyimwa. Kwa kosa gani? Majibu yanayofuata huwa ya kubahatisha. Huyu anasema mtoto hakuwa na mtu wa kumshika mkono ubalozini. Yule anasema afisa aliamka vibaya siku hiyo. Mwingine anashauri mara ijayo apeleke hati ya nyumba ya babu. Tangu Januari 1, 2026 mkanganyiko umezidi upande wa Tanzania, kwa sababu wapo wanaonyimwa viza ya Marekani ambao hata wangejiandaa namna gani, jibu lingekuwa lilelile. Hilo nitalieleza mbele.

Karibu majibu yote hayo yana dosari moja: yanachukulia kwamba viza ya mwanafunzi ni kitu kimoja na kwamba balozi zote zinatafuta jambo moja. Sivyo. Uingereza, Ujerumani na Marekani, nchi tatu zinazotajwa sana vijana wetu wanapozungumzia kusoma nje, kila moja ina swali lake kuu. Mwombaji aliyejiandaa kujibu swali la Ujerumani anaweza kukataliwa na Marekani akiwa na karatasi zote halali mkononi. Ndiyo maana ushauri wa binamu aliyepita vizuri Berlin unaweza kumwangusha anayekwenda Leeds, Uingereza.

Ruhusa tatu, watoaji watatu

Tuanze na maneno yenyewe. Udahili ni uamuzi wa chuo: kimetazama matokeo yako na kuona unaweza kusoma kozi yao. Viza ni uamuzi wa serikali ya nchi hiyo: imetazama mambo yako na kuona unaweza kusafiri kwenda kwao kwa ajili ya kusoma. Kisha ipo ruhusa ya tatu ambayo wengi hawaijui mpaka wafike, yaani ile ya kuingia. Hii anaitoa afisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege, na kisheria anaweza kumrudisha mtu mwenye viza halali akigundua kwamba hakuja kusoma.

Fikiria mtu anayetaka kujenga. Ukinunua kiwanja, muuzaji anachotaka ni bei. Mkielewana, mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na biashara imekwisha. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, na halmashauri haikuulizi ulinunua kwa shilingi ngapi. Inauliza unataka kujenga nini, na kama eneo lile limetengwa kwa kazi hiyo. Ukinyimwa kibali, haina maana kwamba muuzaji alikutapeli. Chuo ni muuzaji, ubalozi ni halmashauri, na kila mmoja ana swali lake.

Jambo dogo lakini limeponza wengi: barua ya udahili siyo hati inayokupa haki ya kuomba viza. Uingereza, chuo hutoa namba ya uthibitisho inayoitwa CAS, na hakitoi mpaka uwe umetimiza masharti yaliyoandikwa kwenye barua, mara nyingi pamoja na kulipa sehemu ya ada. Marekani, chuo hutoa fomu ya I-20. Kama mtoto ana barua yenye neno "kwa masharti" na hana CAS wala I-20, bado hajafika kwenye hatua ya viza. Tiketi ya ndege isinunuliwe.

Uingereza: fedha zimelala siku ngapi?

Uingereza hutumia hesabu ya pointi. Mwanafunzi anahitaji pointi 70: CAS inampa 50, fedha 10, na Kiingereza 10. Hakuna pointi za ziada kwa aliyepata daraja la kwanza, wala nusu pointi kwa aliyekaribia. Ukikosa zile 10 za fedha unabaki na 60, na 60 ni kukataliwa.

Hapo kwenye fedha ndipo familia nyingi za kwetu huangukia. Tuseme binti wa Morogoro amepata nafasi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huko Leeds. Ada ni paundi 20,000, ameshalipa 5,000, na CAS yake inaonyesha malipo hayo. Anatakiwa aonyeshe ada iliyobaki, paundi 15,000, pamoja na fedha za kujikimu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 11, 2025, kujikimu ni paundi 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London na 1,529 kwa anayesoma London, na huhesabiwa miezi isiyozidi tisa. Kwa Leeds hiyo ni 10,539. Jumla anahitaji paundi 25,539.

Kuwa nazo haitoshi. Lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiasi hicho hata siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kutuma maombi. Siku ya 19 mama akiugua, ukatoa kidogo, salio likaonyesha 25,400, ukarudisha kesho yake, hesabu inaanza upya. Afisa hatakuwa na haja ya kukuuliza kwa nini. Yeye anatazama mstari wa salio tu.

Shilingi nayo ina mambo yake. Fedha zinaweza kukaa kwa shilingi, lakini hubadilishwa kuwa paundi kwa bei ya soko ya siku unayotuma maombi, wala si ya siku ulipoziweka. Anayeweka kiasi kamili bila ziada anajihatarisha mwenyewe. Shilingi ikiteleza kidogo ndani ya mwezi, pointi 10 zimekwenda. Na fedha inayohesabiwa ni ile iliyoko kwenye benki inayosimamiwa na yenye kumbukumbu zinazoweza kuhakikiwa. Thamani ya kiwanja, hisa, ng'ombe, fedha ya kikoba au mavuno yaliyoko ghalani haihesabiwi mpaka igeuke kuwa salio.

Sasa suala la mjomba. Kwetu, mjomba anayelipa ada si jambo la kushangaza. Kuna watu wamesomeshwa tangu darasa la kwanza na mjomba au shangazi na hakuna anayeuliza. Sheria ya Uingereza haimjui mjomba. Akaunti inayokubalika ni ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au mlezi wa kisheria, au ya mwenza wake. Nje ya hapo ni taasisi kama serikali au chuo kinachotoa ufadhili. Ikiwa ni akaunti ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi inayokubali fedha zitumike. Taarifa ya benki ya mjomba, hata iwe na paundi laki moja, thamani yake ni sifuri. Dawa yake ni rahisi na ni halali: mjomba ahamishe fedha kwenda kwenye akaunti ya mwanafunzi au mzazi, zikae siku zake 28. Inaniuma kila ninapoona familia yenye uwezo kabisa ikikataliwa kwa sababu ya kitu ambacho uhamisho mmoja wa benki ungekimaliza mwezi mmoja kabla.

Wapo wanaokopa fedha kwa wiki chache ili tu "zionekane". Zingatia kwamba benki inaweza kupigiwa simu, na kwamba karatasi ya kughushi ina adhabu yake ya pekee. Uingereza ikigundua udanganyifu kwenye maombi, kukataliwa kunaweza kuambatana na marufuku ya miaka 10. Aliyekosa pointi anaweza kuomba tena wiki ijayo. Aliyeghushi atakuwa amefunga mlango mpaka umri wa kusoma upite.

Mbali na hayo, mwombaji wa Kenya, Tanzania au Uganda anapimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na analipa tozo ya afya ya paundi 776 kwa mwaka, ambayo hurudishwa viza ikikataliwa. Alama za vidole huchukuliwa kwenye kituo kinachoendeshwa na kampuni binafsi. Watumishi wa kituo hicho hawaamui chochote, kwa hiyo kauli ya "kijana wa pale ameniambia itatoka" haina uzito wowote.

Ujerumani: fedha zimefungwa?

Ujerumani nitaipitia haraka kwa sababu swali lake liko wazi zaidi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kutokana na hilo watu hudhani Ujerumani ni bure. Ada ndiyo inaweza kuwa bure; kula na kulala si bure, na serikali inataka uhakika kabla hujaondoka nyumbani.

Uhakika huo ni akaunti inayoitwa Sperrkonto. Unaweka fedha za mwaka mzima, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, na huwezi kuzigusa. Ukishafika Ujerumani unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Hakuna habari ya siku 28 hapa. Kinachotakiwa ni fedha ziwe zimeingia na zimefungwa.

Na mjomba? Hapa anaruhusiwa kwa njia nyingine. Kama anaishi Ujerumani na ana kipato cha kutosha, anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini hati ya kukubeba kifedha. Hati hiyo si barua ya hisani. Serikali ikilazimika kukulisha, inaweza kumdai yeye, na wajibu huo humfunga kwa miaka mitano. Ndugu aliyeko Hamburg akisita kusaini, tusimwone ana roho mbaya; anaelewa anachokisaini.

Wakenya wamekuwa na mkanganyiko mwingine tangu Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz waliposhuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Makubaliano yale hayakufuta masharti ya viza kwa mtu yeyote. Mwanafunzi wa Kisumu bado anafungua Sperrkonto yake kama mwanzo.

Marekani: utarudi?

Marekani fedha zinatazamwa mapema, na wa kwanza kuzitazama ni chuo. Hakitoi I-20 mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Mdhamini anaweza kuwa mjomba, shangazi, hata jirani, mradi aeleweke ni nani na kwa nini analipa. Baada ya hapo unalipa dola 350 za mfumo wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, unajaza fomu ya DS-160 mtandaoni, unalipa dola 185 za maombi, kisha unakwenda kwenye mahojiano. Fedha hizo hazirudishwi ukinyimwa.

Mahojiano yenyewe huchukua dakika chache, na hapo ndipo hasira za watu zinapoanzia: "Hakufungua hata bahasha yangu!" Ni kweli, mara nyingi hafungui. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 kinamtaka afisa aanze kwa kudhani kwamba kila mwombaji wa viza ya namna hii anataka kuhamia, na ni kazi ya mwombaji kumwonyesha vinginevyo. Kwa maneno mengine, unaingia dirishani ukiwa tayari umehesabiwa mhamiaji. Bahasha ya karatasi haiwezi kuibadilisha dhana hiyo peke yake. Afisa anasikiliza kama maelezo yako yanashikana: kozi hii, chuo hiki, fedha hizi, na maisha unayoyatarajia baadaye.

Hati ya nyumba ya babu hapa haisaidii kama watu wanavyodhani. Kijana wa miaka 19 hategemewi kuwa na nyumba wala shamba, na mali ya babu haithibitishi kwamba mjukuu atarudi. Linalomwangusha ni jibu la kukariri. Anaulizwa kwa nini amechagua chuo fulani cha Ohio, anajibu "ni chuo bora chenye mazingira mazuri". Jibu hilo linafaa chuo chochote duniani, na afisa amelisikia tangu asubuhi. Anayesema kwamba anataka kusoma uhandisi wa maji kwa sababu amefanya kazi mwaka mmoja kwenye mamlaka ya maji ya mkoa wake, na kozi ile ina maabara ya majitaka ambayo hakuiona kwingine, amemjibu swali hata ambalo hajaulizwa.

Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo hutakiwa pia kuweka akaunti zao za mitandao ya kijamii wazi ili zikaguliwe, na DS-160 huuliza majina uliyotumia mitandaoni kwa miaka mitano iliyopita. Kuficha akaunti ni kutoa taarifa ya uongo. Ni bora uandike zote.

Pale ambapo maandalizi hayasaidii

Hapa ndipo penye habari ya Tanzania na Burundi. Yote niliyoeleza juu ya 214(b) yanamhusu mtu mmoja mmoja. Lakini Rais wa Marekani ana mamlaka ya kusimamisha viza kwa raia wa nchi nzima, na Donald Trump ameyatumia. Kwa tangazo lililoanza kutumika Juni 9, 2025, Burundi iliwekwa kwenye kundi la nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za matembezi, za masomo na za programu za kubadilishana. Tangazo la Desemba 16, 2025 liliongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, kuanzia Januari 1, 2026.

Kwa hiyo Mtanzania mwenye I-20, fedha na majibu mazuri anayenyimwa chini ya tangazo hilo hakuanguka mtihani. Asijilaumu, na asimlipe mtu yeyote anayedai anajua njia ya kupitia. Aliyekuwa na viza halali kabla ya tarehe hiyo hakufutiwa. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hawamo kwenye matangazo hayo mawili. Kwa ndugu wa Goma na Lubumbashi: Kongo iliyotajwa Juni 2025 ni ile ya Brazzaville, na nimeona watu wa Kinshasa wakiogopa bure.

Kwa Mtanzania, jambo la busara ni kukiomba chuo kisogeze mbele nafasi yake. Vyuo vingi hukubali kuahirisha kwa muhula au mwaka mmoja, na wakati huohuo anaweza kuomba nchi nyingine.

Mawakala na ndoto ya kazi za muda

Wakala mwaminifu hukusaidia kutafuta chuo na kupanga karatasi, na hiyo ni kazi halali. Hana uwezo wa kutoa viza, na anayekuhakikishia viza anauza kitu kisicho chake. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) husajili mawakala wa vyuo vya nje, kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi uliza kama huyu yumo kwenye orodha. TCU pia hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, ambacho huthibitisha kwamba chuo na kozi vinatambuliwa. Hata ofisi ya umma haiondoi hatari: mpango wa kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya wa kupeleka vijana Finland na Kanada uliishia mahakamani mwaka 2023, baada ya wazazi kudai fedha walizolipa hazikufika vyuoni. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti itoke chuoni.

Kisha lipo lile wazo kwamba mtoto akishafika atajisomesha kwa kufanya kazi. Uingereza mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Marekani ni saa 20 vilevile, tena ndani ya eneo la chuo. Ujerumani ni siku 140 nzima kwa mwaka. Kipato cha hapo kinaweza kulipa chakula na sehemu ya chumba. Hakilipi ada ya paundi 20,000, na mwombaji anayemwambia afisa kwamba atafanya kazi ili alipe ada amejinyima viza mwenyewe. Wanaotaka kwenda Uingereza na familia wajue pia kwamba tangu Januari 2024 anayesoma shahada ya uzamili ya darasani haruhusiwi kuongozana na mwenza wala watoto. Nafasi hiyo imebaki hasa kwa wanaosoma shahada za utafiti.

Ukikataliwa

Soma barua ya kukataliwa neno kwa neno kabla ya kumsikiliza mtu mwingine, kwa sababu ndani yake kuna kifungu kilichotumika, na kila nchi ina utaratibu wake. Uingereza, kama unaamini afisa alikosea hesabu, unaomba mapitio ndani ya siku 28 kwa paundi 80; kama kosa ni lako, mfano salio lilishuka, mapitio hayatakusaidia, omba upya ukiwa umerekebisha. Ujerumani ilifuta utaratibu wa kulalamika ubalozini Julai 1, 2025, kwa hiyo imebaki kuomba upya au kufungua shauri mahakamani Berlin ndani ya mwezi mmoja. Marekani, jibu la 214(b) halina rufaa, lakini halikufungii. Unaweza kulipa na kuomba tena wakati wowote, na afisa wa pili atataka kujua ni kitu gani kimebadilika tangu ulipokutana na wa kwanza. Barua ikitaja 221(g), hapo maombi yako bado yako mezani: wanasubiri karatasi fulani au ukaguzi ukamilike, na kilichoombwa kimeandikwa kwenye barua hiyohiyo.